Tawi kavu juu ya vichwa vya watoto wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, aliyeotesha miti katika ardhi na akaifanya kuwa rehema kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuyaweke kando yale tuliyozoea kuyajadili katika kurasa hizi, nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo mno hata halistahiki kuandikwa gazetini. Nataka kuzungumzia matawi ya miti. Najua wapo watakaocheka. Nami ningecheka, lau si yale yaliyotokea katika msikiti wa mtaani kwetu, ambao mimi ni mjumbe wa kamati yake.

Katika uwanja wa msikiti wetu upo mwembe dodo mkubwa, umri wake hakuna anayeujua. Chini yake ndipo wanapokaa watoto wa madrasa kila alasiri, maana chumba chao ni kidogo na joto la mji wetu halina huruma. Tawi moja la mwembe huo, lile lililoelekea upande wa jamvi la watoto, lilikuwa limekauka. Kila mtu aliliona. Katika vikao vitatu vya kamati suala la tawi liliwekwa kwenye "mengineyo", na mara zote tatu muda uliisha kabla ya kulifikia. Fundi aliitwa, akataka shilingi 80,000. Tukasema ghali, tusubiri. Mwezi uleule tukanunua spika mpya, wala hakuna aliyesema ghali.

Masika yalipoingia, siku moja baada ya mvua kubwa, upepo ukavuma kidogo tu. Tawi likaanguka. Allah alituhurumia, kwa kuwa watoto wengi walikuwa wamekwenda kutia udhu. Lakini kijana mmoja wa miaka tisa alikuwa bado kwenye jamvi, anarejea somo lake. Alivunjika mkono na mtulinga. Amepona, alhamdulillah, ila mkono ule haujanyooka sawasawa mpaka leo.

Tulipokwenda kuwapa pole wazazi wake, mmoja wetu alisema maneno tunayoyasema sote: "Ndiyo kazi ya Mungu, tushukuru." Bibi yake yule kijana hakubisha, wala hakutulaumu. Alisema tu: "Lile tawi nililiona kavu tangu Mfungo Sita." Akanyamaza. Wallahi, ule ukimya wake ulinitoa jasho kuliko lawama yoyote.

Je, ni kazi ya Mungu?

Waislamu tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Hakuna jani linaloanguka ila Allah analijua, kama tunavyofahamishwa katika Suratul An'am, aya ya 59. Lakini tujiulize: je, imani hiyo ni kwa ajili ya kuupoza moyo wa aliyefikwa na msiba baada ya kufanya wajibu wake, au ni kichaka cha kujifichia mzembe?

Khalifa Umar bin Khattab (r.a) alipokuwa njiani kuelekea Sham alipata habari kwamba kuna tauni huko. Aliposhauriana na wenzake na kuamua kurudi, Abu Ubayda (r.a) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kuwa tawi kavu ni kadari, na msumeno nao ni kadari. Aliyeuacha msumeno kabatini hana haki ya kulisingizia tawi.

Na Mtume (s.a.w) alipoulizwa kuhusu ngamia, afungwe kisha mtu ategemee kwa Allah, au aachwe bila kufungwa, alielekeza kwanza afungwe. Bali amefundisha hata mambo ya usalama wa majumbani. Amehimiza taa zizimwe kabla ya kulala ili moto usije ukaunguza nyumba. Amemuonya anayelala juu ya dari lisilo na kizuizi, kwamba akianguka hana wa kumlaumu. Hii ndiyo dini yetu. Na Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu. Ikiwa kujitia mwenyewe ni haramu, vipi kumkalisha mtoto wa mwenzako?

Udhia wa njiani na udhia wa juu

Katika Hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (r.a), Mtume (s.a.w) ameeleza kuwa imani ina matawi sitini na kitu, au sabini na kitu, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tumeizoea Hadithi hii mpaka tunadhani inahusu maganda ya ndizi na misumari peke yake. Lakini zipo Hadithi nyingine zinazotaja mti hasa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuta tawi la miba njiani, akaliweka pembeni, Allah akamkubalia kitendo chake na kumsamehe. Na katika Muslim imo habari ya mtu ambaye Mtume (s.a.w) alimuona akistarehe Peponi kwa sababu ya mti alioukata, uliokuwa ukiwaudhi watu njiani.

Zingatia, ndugu yangu. Hakutajwa kwa wingi wa swala zake za usiku. Ametajwa kwa mti. Sisi tunapita kila siku chini ya makuti makavu ya mnazi na matawi yaliyoning'inia juu ya vituo vya daladala, tunasema "subhanallah, hili litaua mtu", kisha tunaendelea na safari. Pepo inaning'inia juu ya vichwa vyetu, nasi tunaipita.

Mti wa jirani

Suala jingine linaloleta ugomvi mwingi mijini ni la mti wa jirani. Viwanja vyetu ni vidogo, ukuta unagusana na ukuta. Mfenesi uko kwa huyu, matawi yako juu ya bati la yule. Mwenye bati akilalamika anaambiwa ana husuda.

Kanuni kubwa ya fikihi, iliyotokana na Hadithi ya Mtume (s.a.w), ni kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub (r.a), aliyekuwa na mtende ndani ya shamba la mtu wa Ansari, na kuingia kwake kukawa kunamuudhi mwenye shamba na ahali zake. Mtume (s.a.w) alimtaka auuze, akakataa. Akamtaka abadilishane, akakataa. Akamtaka autoe kwa ajili ya thawabu, akakataa. Ndipo alipomwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamruhusu yule Ansari aung'oe. Wapo wanazuoni walioizungumzia sanad ya Hadithi hii, lakini maana yake inakubaliana na kanuni tuliyoitaja. Tazama pia utaratibu wake: kwanza mazungumzo, tena mara tatu, ndipo hukumu.

Ibn Qudama katika kitabu chake Al-Mughni anaeleza kwamba matawi yakivuka mpaka na kuingia katika anga ya jirani, mwenye mti anatakiwa ayaondoe, kwa kuyarudisha upande wake au kwa kuyakata. Akikataa, jirani anayo haki ya kuyaondoa, na kama yanaweza kurudishwa bila kuharibiwa basi asiyakate. Angalia uadilifu huo. Haki ya jirani imelindwa, na mti nao umelindwa.

Mafakihi wamezungumzia pia ukuta ulioinama kuelekea njia ya watu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wanasema mwenye ukuta akishatahadharishwa, naye ana muda na uwezo wa kuuondoa, kisha akapuuza, ukimwangukia mtu yeye anawajibika kulipa. Wengine, wakiwemo katika madhehebu yetu ya Shafi, wametofautiana katika suala la malipo. Mimi si mufti, na suala la dhamana tuwaachie masheikh. Lakini malipo ya dunia ni jambo moja, na swali la Siku ya Kiyama ni jambo jingine. Tawi kavu ni ukuta ulioinama. Na kamati yetu ilitahadharishwa mara tatu.

Wenye shoka nao watahadhari

Sasa sikiliza yaliyofuata. Siku ya pili baada ya ajali, vijana walifika msikitini na mashoka. Wanataka mwembe wote ulale chini. Hasira yao inaeleweka. Lakini huu nao ni ugonjwa wetu: ama tunauacha mti mpaka uue, ama tunauangusha wote kwa kosa la tawi moja.

Uislamu haukubali hilo. Suratul Baqara, aya ya 205, inamsema vibaya mtu anayekwenda huku na huko kufanya ufisadi na kuangamiza mimea na viumbe. Abu Bakr (r.a) alipotuma jeshi kwenda Sham aliusia wasikate miti yenye matunda, na hiyo ilikuwa vita! Abu Daud amepokea onyo kali kwa anayekata mkunazi, na yeye mwenyewe akafafanua kuwa makusudio ni mkunazi wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukakatwa kwa dhulma bila haki. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Aliyeupanda mwembe wetu yuko kaburini, wala hatujui jina lake, na huenda mpaka leo daftari lake la sadaka linaandikwa. Sisi ni nani tulifunge kwa hasira ya siku moja?

Alhamdulillah, imamu aliwazuia vijana, akamwita yule fundi wa shilingi 80,000. Mzee yule aliuzunguka mwembe, akagonga shina kwa nyuma ya shoka na kusikiliza mlio wake, akafukua kidogo kuangalia mizizi. Kisha akaliendea tawi lililoanguka, akalitazama pale lilipovunjikia, akatuita. "Shehe, njooni muone." Ndani ya gome ulikuwa umezama waya. Ni waya ambao miaka mingi nyuma tulifungia spika ya adhana. Mti uliendelea kunenepa, waya ukabaki vilevile, ukalikaba tawi mpaka likafa. "Mti wenu ni mzima," akasema. "Hili mmeliua wenyewe."

Kupunguza kwa elimu

Tangu siku ile nimejifunza kwa mzee yule na kwa wajuzi wengine. Wala si aibu. Mtume (s.a.w) alipowakuta watu wa Madina wakichavusha mitende na ikatokea wakaacha, mavuno yakapungua, aliwaambia kuwa wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Basi mambo ya miti tuwaulize watu wa miti. Nitataja machache.

Kwanza, dalili za hatari. Tawi lisilo na majani wakati mengine ya mti huo yana majani. Uyoga unaoota kwenye shina au chini yake, kwani hiyo ni ishara kuwa ndani kunaoza. Ufa pale panapogawanyika panda. Mti ulioanza kuinama ghafla na udongo kunyanyuka upande wa pili. Ukiona mojawapo, usiwaache watu wakae chini yake, mwite mjuzi.

Pili, namna ya kukata. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja kutoka juu, kwani litavunjika nusu na kuchana gome la shina. Fundi huanza kulikata kwa chini, kama futi moja kutoka kwenye shina, bila kulimaliza. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi likaanguka bila kujeruhi shina. Mwisho hukiondoa kile kipande kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe unaolizunguka tawi pale linapoota, uvimbe uliokaa kama kola ya shati. Kola hiyo isikatwe, maana ndiyo inayoufunika mti jeraha lake. Wala kisiachwe kigutu kirefu, kwa sababu kitaoza na uozo utaingia ndani. Kupaka lami au rangi juu ya jeraha hakuuponyi mti.

Tatu, kiasi. Usiondoe zaidi ya kama robo ya matawi mabichi kwa mara moja, maana majani ndiyo jiko la mti. Na usikubali fundi akuambie "tuukate kichwa". Mti uliokatwa kichwa huchipua vitawi vingi vya haraka vilivyoshika kwa juujuu tu, na baada ya miaka michache hivyo ndivyo vitakavyoangukia watu.

Nne, wakati. Tawi lililokufa liondolewe mara linapoonekana. Miembe hupunguzwa vizuri baada ya mavuno, na kwetu pwani hiyo inaangukia kabla ya masika, ndio wakati muafaka hasa. Tusisahau kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wala kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024. Upepo hauombi ruhusa ya kamati. Na kabla ya kukata, angalia viota. Mtume (s.a.w) aliwaamuru masahaba wamrudishie ndege makinda yake waliyoyachukua.

Tano, maisha ya fundi. Mti unaogusa au kukaribia nyaya za umeme usimpandishe kijana wa mtaani kwa shilingi elfu kumi. Watoe taarifa wenye umeme wao, waukate au wazime kwanza. Kumuondolea mtu udhia kwa kumuua mwingine si ibada.

Sita, afya zetu. Mashimo ya mti yaliyooza hutuama maji, na humo huzaliana mbu wale wanaoeneza homa ya dengue, iliyolisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tusizidishe mashimo kwa kupigilia misumari ya mabango, kuchoma taka chini ya shina, au kuisakafia mizizi saruji mpaka kwenye gome.

Miti "yenye wenyewe"

Lipo kundi jingine haliugusi mti kwa sababu nyingine kabisa. Utasikia: "Mbuyu ule una wenyewe", "aliyejaribu kuukata alipooza". Mti umeoza, unawainamia wapita njia, watu wanaogopa majini kuliko wanavyomuogopa Allah! Masahaba waliokuwa wageni katika Uislamu waliona washirikina wana mti wanaoutundikia silaha kwa kutafuta baraka, wakaomba nao wawe na wa kwao. Mtume (s.a.w) aliwakemea, akawafananisha na watu wa Musa (a.s) walioomba watengenezewe mungu. Mti ni kiumbe, nao unamsujudia Mola wake kama ilivyo katika Suratur Rahman, aya ya 6. Haudhuru wala haunufaishi ila kwa idhini Yake. Ukihitaji kupunguzwa, sema Bismillah, upunguze.

Tufanye nini?

Nazishauri kamati za misikiti, walimu wa madrasa na shule zetu, na kila mwenye nyumba, tuuweke utaratibu. Mara moja kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, tuitembelee miti yetu na mtu mwenye ujuzi. Suala hilo liandikwe ajenda ya kwanza, lisiwekwe kwenye "mengineyo". Fedha zake zitengwe kama zinavyotengwa za umeme na maji. Kama mti uko barabarani au eneo la umma, twende serikali ya mtaa kwa barua, tusiishie kunung'unika barazani. Na kila tunapolazimika kuuangusha mmoja, tupande mwingine mahali panapofaa, kwani Mtume (s.a.w) ametuhimiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande.

Mwembe wetu bado upo. Ulipunguzwa na yule mzee, na aliyalipia mwenyewe matawi mawili kwa sadaka. Waya wote umetolewa, spika imewekewa nguzo yake. Watoto wamerudi kwenye jamvi, na yule kijana naye yumo. Siku moja nilimkuta kabla hajafungua msahafu ametazama juu kwanza, akayakagua matawi yote, ndipo akakaa. Kumtazamia juu yule mtoto ilikuwa kazi yetu sisi watu wazima.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma makala hii, toka nje. Tazama juu. Ukiona tawi kavu, usiseme litaanguka lini. Sema utaliondoa lini.

Tunamuomba Allah (s.w) atusamehe uzembe wetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoondoa udhia katika njia za waja Wake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.